Kabla ya Titanic: stima za Atlantiki karne ya 19, na maskini waliozilipia (uzi mrefu)

#1 chuma_chakavu

Wakuu heshima kwenu. Kila ikitajwa meli ya zamani ya kuvuka Atlantiki watu wanarukia Titanic na mwamba wake wa barafu, wakishamaliza hapo wanaaga. Titanic ni 1912 aisee, hapo mchezo ulishachezwa zaidi ya miaka sabini na mengi yaliyowaua watu siku ile yalikuwa yameshawaua wengine kwenye meli ambazo hakuna anayezitaja. Mimi leo nashusha habari za hao waliotangulia, na hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kubisha abishe: picha walipigwa matajiri wa juu, ila biashara ile ilisimama kwa vitu viwili, magunia ya barua za serikali na nauli za maskini waliolazwa kule chini. Wenye makochi ya mahameli walikuwa pambo.

Tuanze na tanga. Mwaka 1818 pale New York ilianza kampuni iitwayo Black Ball Line, na kitu chao kipya kilikuwa kwamba meli inaondoka tarehe iliyotangazwa hata kama haijajaa. Kabla ya hapo unapeleka mizigo yako bandarini halafu unasubiri nahodha ajaze, kama hiace inayosubiri kichwa cha mwisho. Lakini kuondoka kwa tarehe sio kufika kwa tarehe. Kwenda Ulaya upepo unakusukuma, wiki tatu na ushee umefika, ila kurudi Marekani unapambana na upepo wa mbele, wiki tano sita ni kawaida na ukiwa na mkosi zaidi ya hapo.

1819 ikaja Savannah, meli ya tanga iliyofungwa kainjini na magurudumu ya pembeni ambayo bahari ikichafuka unayakunja unayaweka juu ya sitaha. Ilitoka Georgia Mei ikafika Liverpool Juni, magazeti yakashangilia, ila ukweli ni kwamba injini iliwashwa kwa sehemu ndogo tu ya safari nzima, kwingine kote ni tanga. Na hakuna abiria aliyethubutu kulipa nauli, maana watu waliona moto ndani ya meli ya mbao ni kujitafutia kifo.

Shida kubwa ilikuwa makaa ya mawe. Injini za wakati ule zilikula makaa vibaya sana, na boila zilichemsha maji ya bahari yenyewe, kwaiyo chumvi inaganda ndani, kila baada ya siku kadhaa inabidi usimamishe injini kukwangua. Royal William ya Canada iliyovuka 1833 ilikwenda hivyo hivyo, inatembea inasimama. Wataalamu wakapiga hesabu wakasema stima ya kuvuka bahari yote ile haiwezekani, ukiongeza makaa unaongeza uzito, ukiongeza uzito unahitaji injini kubwa, injini kubwa inataka makaa zaidi, unazunguka hapo hapo.

Aliyewatoa kwenye huo mduara ni Isambard Kingdom Brunel, injinia wa reli wa Uingereza. Jamaa aliona kwamba ukikuza meli mara mbili kila upande, urefu, upana na kina, tumbo lake linabeba mara nane, ila nguvu ya kuisukuma majini inaongezeka mara nne tu hivi. Maana yake meli ndogo ndio isiyoweza kubeba makaa yake yenyewe, kubwa inaweza na nafasi inabaki. Yani jibu lilikuwa kujenga kubwa zaidi wakati kila mtu anaogopa kujenga kubwa. Akajenga Great Western pale Bristol.

Naenda kula, nikirudi naendelea na mbio za 1838.

#2 MzeeWaGati

Nimekaa kitako mkuu. Mimi nimefanya kazi bandarini miaka mingi, hizi habari za boila na chumvi nazijua kwa uchungu. Shusha.

#3 Binti Kilindini

Na mimi niko. Lakini usitupeleke kwa mainjinia pekee, tueleze watu walivyokuwa wakiishi humo ndani, walikula nini, walilala vipi, wale wenye watoto walifanyaje. Hayo ndiyo tunataka sisi.

#4 chuma_chakavu

Dada utafika huko, vumilia kidogo.

1838. Kampuni pinzani ya London meli yao ilikuwa haijakamilika, wakaogopa Great Western itawatangulia, wakakodisha kimeli kidogo cha njia ya Ireland kinaitwa Sirius, wakakijaza makaa mpaka kwenye sitaha wakakitoa Cork tarehe 4 Aprili na abiria kama 40. Huku Great Western ilipokuwa inatoka London kwenda Bristol ikashika moto kwenye chumba cha boila, Brunel mwenyewe akashuka ngazi iliyoungua, ikavunjika akaanguka, akamwangukia mwenzake ndio ikawa salama yake. Habari za moto zikasambaa, abiria zaidi ya 50 waliokata tiketi wakarudisha. Meli ikaondoka tarehe 8 Aprili na abiria 7. Saba!

Sirius ikaingia New York tarehe 22 Aprili, siku 18, makaa yameisha karibu yote. Kesho yake Great Western hiyo hapo, siku 15 tu ingawa ilitoka nyuma kwa siku nne, na ndani bado ina tani 200 za makaa. Kwa hiyo aliyefika wa kwanza ni Sirius ila aliyeshinda hoja ni Brunel. (Ile hadithi kwamba Sirius walichoma samani na milango ya vyumba ili wafike ni chumvi za watu, walichoma mapipa ya lami ya miti, inatosha.)

Sasa hapa ndio anaingia Samuel Cunard, mfanyabiashara wa Halifax, Nova Scotia. Huyu hakuwa injinia, alikuwa mtu wa hesabu. Alijua nauli peke yake haitalisha boila, akaenda kwa serikali ya Uingereza akachukua tenda ya kubeba barua, ilianza pauni 55,000 kwa mwaka ikapandishwa mpaka 60,000 kwa masharti ya kuongeza meli. Hela ya uhakika, abiria wawepo wasiwepo. Tarehe 4 Julai 1840 meli yake Britannia ikatoka Liverpool, siku 12 na saa kadhaa ikawa Halifax, halafu ikasogea Boston. Ni meli ya mbao, urefu mita 63 hivi, inachoma karibu tani 38 kwa siku, ina nafasi ya abiria 115, na juu ya sitaha wamefunga ng'ombe wa maziwa. Kweli kabisa, ng'ombe mzima anavuka Atlantiki ili wakubwa wapate maziwa ya chai.

Charles Dickens aliipanda Januari 1842, tayari mwandishi maarufu, akapewa chumba ambacho kilimshangaza kwa udogo, akapigwa na dhoruba za msimu wa baridi na kutapika juu. Kurudi kwake Uingereza akachagua meli ya tanga. Nauli ya Britannia ilikuwa zaidi ya gini 30 (gini ni pauni moja na shilingi moja), kwa mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza hiyo ni nusu mwaka au zaidi ya jasho. Daraja la maskini kama tulijualo halikuwepo kabisa kwenye mpango wa Cunard wa mwanzo, maskini walibaki kwenye tanga.

#5 MzeeWaGati

Mwandishi mkubwa kutapika mbona sio ajabu, nendeni mkondo wa Nungwi mwezi wa saba muone maprofesa wanavyogombania mifuko ya rambo 😂

#6 ngamba_2

Swali mkuu. Mwaka huo 1840 si ndio ile merikebu ya Sayyid Said ilikwenda Marekani? Au nachanganya?

#7 chuma_chakavu

Huchanganyi, na umenikumbusha kitu kitamu. Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ilipita Unguja mwanzoni mwa 1840 ikaingia New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, imebeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende, ngozi na mazulia. Safari ya karibu miezi mitatu, tanga mwanzo mwisho. Miezi miwili baadaye ndio Britannia inaanza safari Liverpool. Kwa hiyo Ahmad bin Naaman alipofika pale tayari stima zilikuwa zinaingia na kutoka New York mwaka wa pili wa tatu, aliziona kabla mtu yeyote wa pwani yetu hajaona ratiba ya stima. Sisi stima ya barua ya kudumu ilikuja 1872, ya kampuni ya British India, kutoka Aden mpaka Unguja mara moja kwa mwezi. Picha ya huyo mzee ilichorwa hukohuko Marekani, ipo mpaka leo, kilemba na jambia.

#8 Binti Kilindini

Maashallah. Haya, na watu weusi wa Marekani wenyewe, waliruhusiwa kupanda hizo stima? Maana wakati huo utumwa bado.

#9 chuma_chakavu

Swali zuri sana dada, na jibu lake lina jina: Frederick Douglass. Mnamjua, mtumwa aliyetoroka Maryland akawa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa. 1845 alitoa kitabu cha maisha yake kilichomtaja bwana wake wa zamani kwa jina, ikabidi aondoke nchini asije akakamatwa arudishwe. Agosti 1845 akaenda kukata tiketi ya Cambria, meli ya Cunard, Boston kwenda Liverpool. Chumba cha daraja la juu akanyimwa kwa ajili ya rangi, akawekwa daraja la chini kule mbele. Sasa abiria wengine wakawa wanashuka kumfuata, wanaongea naye, karibu na mwisho wa safari nahodha, Charles Judkins, akamwomba ahutubie kwenye sitaha. Kulikuwa na Wamarekani wenye watumwa humo ndani, wakaanza kupiga kelele, wengine wakasema wanamtupa baharini. Judkins akawaambia ataita pingu awafunge. Wakanywea. Wakafika Liverpool, haohao wakakimbilia magazetini kumchafua Douglass, na wakawa wamemfanyia matangazo ya bure, Uingereza nzima ikataka kumsikia.

Ila usimpongeze Cunard haraka. Miaka miwili baadaye, 1847, Douglass anarudi kwao akiwa mtu huru kwa sheria maana marafiki Waingereza walishamnunulia uhuru. Analipa London nauli kamili ya daraja la kwanza, zaidi ya pauni 40, anafika Liverpool anaambiwa kitanda chako amepewa mwingine, na utasafiri kwa sharti la kula peke yako na kutochangamana na abiria. Kwenye meli ileile Cambria! Magazeti ya Uingereza yakawaka moto, mpaka Cunard mwenyewe akaandika gazetini kusema amesikitika na halitarudiwa.

Mimi hii ndio safari ninayoipenda kuliko zote za karne ile, kwa sababu inakuonyesha meli ilikuwa nchi ya nani. Sheria ya Uingereza juu ya sitaha, hela ya Marekani kwenye vyumba, na nahodha anaamua siku hiyo anasimama upande upi.

#10 MzeeWaGati

Dah. Huyo nahodha alikuwa mwanaume.

#11 chuma_chakavu

Sasa tuingie kwa maskini, ahadi ya dada.

Miaka ya 1840 mwishoni Ireland ilipigwa na njaa baada ya viazi kuoza shambani, watu wakakimbia kwa tanga, kwenye meli za mbao zilizoletea Uingereza magogo na kurudi na binadamu. 1847 peke yake, kisiwa cha karantini cha Grosse Isle karibu na Quebec walizikwa zaidi ya watu 5,000, homa ya chawa. Wiki sita chini ya sitaha na mgonjwa mmoja, unategemea nini.

Aliyeona biashara hapo ni William Inman wa Liverpool. 1850 akaanza na City of Glasgow, meli ya chuma yenye propela badala ya magurudumu ya pembeni, na akili yake ilikuwa hivi: magurudumu yanakula nafasi na makaa, propela inaacha tumbo la meli wazi, jaza watu humo. Nauli ya stima ilizidi ya tanga ila unafika ndani ya wiki mbili badala ya sita, hizo wiki nne unazookoa ni chakula usichokula na ugonjwa usioupata na mshahara unaoanza mapema. Maskini anajua hesabu kuliko tunavyomdhania. Ilipofika miaka ya 1870 karibu wahamiaji wote walikuwa kwenye stima, tanga ikafa kwenye biashara ya watu.

Huko chini sasa. Vitanda vya mbao vya kupigilia, juu na chini, upana wa mtu mmoja akilala ubavu. Kwenye meli za Waingereza wanaume wasio na wake wanawekwa mbele, wasichana nyuma, familia katikati. Godoro unakuja nalo mwenyewe, la majani makavu, unalinunua kwa wachuuzi bandarini pamoja na sahani ya bati, kikombe, kijiko na kopo la maji, ukifika Marekani godoro linatupwa baharini. Chakula kinatoka ila ni uji wa shayiri, biskuti ngumu za meli, nyama ya chumvi, samaki wa chumvi, viazi, supu, unapanga foleni na kopo lako kisha unakula umekaa kitandani au popote penye nafasi. Bahari ikichafuka mifuniko ya sitaha inafungwa maji yasiingie, hewa nayo haiingii, watu mia kadhaa wanatapika gizani. Wenye watoto dada Kilindini walibaki wamewashikilia usiku kucha wasirushwe chini.

Robert Louis Stevenson alipovuka 1879 na meli Devonia kutoka upande wa Glasgow, alilipa gini 8 za daraja la pili badala ya 6 za daraja la chini. Mnajua hizo gini 2 zilinunua nini? Godoro, vyombo, na meza ya kuandikia. Basi. Sehemu yenyewe ilikuwa kona iliyozibwa kwa mbao katikati ya hao hao wa chini, unawasikia wakikohoa upande wa pili, na chai na kahawa za asubuhi zilifanana mpaka huwezi kuzitofautisha.

#12 Binti Kilindini

Kwa hiyo godoro la majani ndilo la kwanza kufika baharini Amerika. Na wakishafika je?

#13 chuma_chakavu

New York mwanzoni walishukia Castle Garden, ngome ya zamani kwenye ncha ya Manhattan, kuanzia 1855. Halafu Januari mosi 1892 ikafunguliwa Ellis Island, kisiwa chenye kituo cha kupokea wahamiaji, wa kwanza kuandikishwa ni Annie Moore, binti wa Kiairishi kutoka Cork, alikuja na wadogo zake wawili kwa stima Nevada. Zaidi ya watu milioni 12 walipita hapo mpaka kilipofungwa 1954. Wa daraja la kwanza na la pili hawakupelekwa kisiwani, daktari aliwapitia humohumo kwenye meli wakashuka zao gatini. Foleni ilikuwa ya wa chini. Na sheria ya 1891 iliwabana wenye meli, ukileta mtu akakataliwa kwa ugonjwa au kukosa uwezo, unamrudisha kwa gharama yako, ndio maana makampuni yakaanza kuwakagua watu huko huko Ulaya kabla hawajapanda.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Stima iliwezesha kurudi. Zamani za tanga ukihama umehama, wazazi wanakulilia kama wa msiba. Kwa stima Muitaliano anakwenda kuchimba njia za reli Marekani msimu mmoja, anarudi kijijini na hela, mwaka unaofuata anakwenda tena. Na tiketi nyingi zilinunuliwa Marekani na ndugu aliyetangulia, akaituma kwa barua, ukiipokea ni kwenda bandarini tu. Hapo ndipo barua na maskini vinakutana kwenye meli moja, ile hoja yangu ya juu.

#14 ngamba_2

Mkuu rudi kwenye injini kidogo, ulituacha kwenye boila za chumvi.

#15 chuma_chakavu

Haya. Mabadiliko makubwa yalitokea miaka ya 1860 na 70. Kwanza wakapata njia ya kupooza mvuke uliotumika ukarudi kuwa maji masafi yaingie tena kwenye boila, chumvi ikaacha kusumbua, presha ikaweza kupanda. Pili mvuke ule ule ukafanyishwa kazi mara mbili, silinda ndogo kwanza halafu kubwa. Baadaye miaka ya 1880 ikawa mara tatu, na hizo za mara tatu ndio ukoo wa injini alizokuja nazo Liemba wetu Ziwa Tanganyika enzi za Wajerumani, kabla hajabadilishiwa dizeli.

Matokeo yake ni hivi: Persia ya Cunard, 1856, magurudumu ya pembeni, ilikula karibu tani 150 kwa siku. Oceanic ya kampuni ya White Star, 1871, imetoka kiwanda cha Harland & Wolff Belfast, ilikula kama tani 65, mwendo ukiwa uleule au zaidi. Nafasi yote iliyookolewa ikawa ya mizigo na watu. Oceanic ndio iliyohamisha vyumba vya wakubwa kutoka tezini kwenda katikati ya meli ambako haichezi sana. Na umeme ukaja, City of Berlin ya Inman 1879 ikawa ya kwanza kwenye Atlantiki kuwa na taa za umeme.

Ila hakuna teknolojia iliyomwokoa mchochea moto. Mwenye meli akipata injini ya kubana makaa anatumia akiba hiyo kutafuta mwendo, kwaiyo Umbria na Etruria za 1884 na 85 zikawa zinachoma zaidi ya tani 300 kila siku, na kila kipande kinaingia tanuruni kwa koleo la mtu. Masaa manne kazini, nane nje, usiku na mchana. Kuna wanaosukuma makaa kwa toroli kutoka stoo, kuna wanaotupia motoni, kuna kuvuta majivu mekundu nje na kuyamwagia maji, mvuke unakupanda usoni. Meli inayumba, koleo lina makaa, mlango wa tanuru uko wazi. Watu walizimia, na wengine walipanda juu mbio wakajirusha baharini. Rekodi za siku sita na pungufu ya sita mnazosoma, City of Paris 1889 siku 5 na saa 19 hivi, ni mgongo wa hawa. Abiria wa juu hakuwaona hata siku moja.

#16 MzeeWaGati

Hapo kwenye kuvuta majivu nimesikia joto hapa nilipo. Sasa tupe ajali, ulisema yaliyowaua wa Titanic yalishaua wengine.

#17 chuma_chakavu

Nitataja chache tu maana zinauma.

Arctic, 1854. Serikali ya Marekani nayo ilitaka stima yake ya barua, ikampa ruzuku Edward Collins, jamaa akajenga meli nne za kifahari zilizomshinda Cunard kwa mwendo. Tarehe 27 Septemba Arctic inakimbia kwenye ukungu karibu na Cape Race, Newfoundland, ikagongana na stima ndogo ya Kifaransa, Vesta. Humo ndani watu kama 400, boti sita. Mabaharia na wachochea moto wakaziwahi boti. Waliopona hawafiki 90, wengi ni wafanyakazi wa meli, na hakuna mwanamke hata mmoja wala mtoto hata mmoja. Mke wa Collins na watoto wake wawili walikuwemo. Waya wa simu ya maandishi (telegrafu) chini ya bahari bado haujavutwa, New York waliijua habari wiki mbili baadaye. 1856 meli yake nyingine, Pacific, ikapotea moja kwa moja, 1858 kampuni ikafa.

Austria, 1858, ya Hamburg. Walitaka kufukiza dawa daraja la chini kwa moshi wa lami, mnyororo uliopashwa moto ukatumbukizwa kwenye ndoo, ukawa wa moto kupita kiasi, aliyeushika akauachia, lami ikamwagika ikawaka. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Atlantic ya White Star, Aprili mosi 1873. Safari inaelekea New York, nahodha akahofia makaa hayatatosha akageuza kwenda Halifax kuongeza, usiku wakapanda mwamba Nova Scotia. Zaidi ya 500 walikufa, wanawake wote, watoto wote isipokuwa mvulana mmoja. Na hesabu ilipopigwa baadaye ikaonekana makaa yalikuwa yanatosha kuwafikisha. Hiyo ndio kampuni iliyokuja kumiliki Titanic.

La Bourgogne ya Wafaransa, Julai 1898, ukungu, ikagongana na meli ya tanga. Zaidi ya 500 tena. Kati ya wanawake mamia waliokuwemo alipona mmoja.

Sasa oneni. Sheria ya Uingereza ya 1894 ilipanga idadi ya boti za kuokolea kwa ukubwa wa meli, na kundi la juu kabisa likawa tani 10,000 na kuendelea, boti 16. Wakati huo kubwa kuliko zote zilikuwa Campania na Lucania, tani elfu 13 kasoro, kwaiyo hakuna aliyeona shida. Meli zikaendelea kukua, karatasi ikabaki ilivyo. Titanic ya tani 46,000 ilikuwa na boti 20, nne zaidi ya sheria inavyotaka, na bado zilitosha watu 1,178 wakati ndani kulikuwa na kama 2,200. Wanaosema Titanic ilivunja sheria wasome tena. Ilizifuata vizuri sana.

#18 ngamba_2

Hii post ya juu ningeiprinti. Lakini mkuu nakubishia kidogo hoja yako ya mwanzo. Kama maskini ndio walilipa, mbona Wajerumani mwisho wa karne walishindana kwa urembo? Ile Kaiser Wilhelm der Grosse mabomba manne ya moshi, dhahabu kila kona.

#19 chuma_chakavu

Ubishi mzuri. Ni kweli Kaiser Wilhelm der Grosse ya 1897 ilikuwa kasri, ikawanyang'anya Waingereza rekodi ya mwendo. Lakini angalia Bremen na Hamburg zilipata wapi hela za kujenga kasri. Nyuma ya bandari zile kulikuwa na Poland, Urusi, Hungary, watu wanashuka kwenye treni na mafurushi maelfu kwa maelfu. Kampuni ya Hamburg chini ya Albert Ballin iliwajengea wahamiaji mji mzima wa kusubiria meli kule Veddel, ukafunguliwa 1901, vitanda, madaktari, jiko la Kiyahudi, sehemu za ibada. Mtu hajengi mji kwa ajili ya wateja wasiomlipa. Dhahabu na mabomba manne yalikuwa tangazo, wahamiaji wenyewe walihesabu mabomba, mengi yakawa ndio usalama machoni pao. Kwenye bahari yenyewe usalama ni kitu kingine, hiyo Kaiser iliishia pwani ya Afrika, Rio de Oro, Agosti 1914 mbele ya manowari ya Kiingereza.

#20 Kop ya Mbagala

Mmeandika yote hayo, kuna hata stima moja ya hizo imebaki mtu akaishike kwa mkono?

#21 chuma_chakavu

Ipo, Great Britain ya Brunel. Ilishushwa majini 1843, chuma tupu na propela wakati wenzake wote ni mbao na magurudumu. Ilikwama mchangani Ireland mwaka mzima, ikabeba watu kwenda Australia miaka mingi, mwisho ikawa stoo ya sufi na makaa kule Falkland, wakaitoboa 1937 ikae chini. 1970 wakaiinua wakaiburuta juu ya tishari mpaka Bristol, iko kwenye gudi ilimojengwa, unaingia unalipa kiingilio.

Ya mwisho ya Brunel ni Great Eastern, mita 211, abiria 4,000, propela na magurudumu kwa pamoja, milingoti sita. Hasara tupu. Safari yake ya kwanza New York 1860 abiria waliolipa ni thelathini na kitu. Brunel alikufa mwaka uliotangulia, hakuiona safari hiyo. Ikafaa kwa kuvuta waya wa simu chini ya bahari, 1866 Atlantiki, halafu 1870 Bombay mpaka Aden, kisha ikavunjwa kwenye mto Mersey 1889 na 90. Na hapa nakujibu wewe Kop ya Mbagala kwa jina lako: kipande cha mlingoti wake kilinunuliwa, kikavushwa mto, kikasimamishwa Anfield, uwanja wa Liverpool, pale kwenye jukwaa la Kop, kuwa nguzo ya bendera. Kipo mpaka leo.

#22 Kop ya Mbagala

Ileeee nguzo??? Miaka yote naiona kwenye picha nadhani ni nguzo ya taa.

#23 MzeeWaGati

Meli ya hasara ikaishia Anfield, mimi wa Old Trafford sina la kuongeza 😂😂